Milango Sita na Dua ya Kuhamia

Leo nimesimama kudai haki yangu kwenye dua ya watu, wala sijutii.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko mtaa wa Gerezani. Mkandarasi mmoja alinipa kazi ya milango sita ya nyumba mpya Upanga. Niliimaliza miezi mitatu iliyopita. Kila nilipomdai malipo, alijibu, "Mwenye nyumba hajatoa hela, mzee wangu."

Leo mwenye nyumba, Bi Zuhura, alialika watu kwa dua ya kuhamia. Nikaenda.

Kabla ya kuanza, sheikh akainua mikono, akauliza, "Yuko mtu mwenye dai katika nyumba hii?"

Nadhani hakutarajia jibu.

"Nipo mimi. Milango yote sita."

Mkandarasi, naye alikuwa kati ya wageni, akaninong'oneza, "Mzee, tukaongee nje."

"Nje tumeongea miezi mitatu."

Bi Zuhura akamgeukia. "We baba, si nilikulipa mpaka senti ya mwisho?"

Pilau lilikuwa tayari, na wageni walikuwa na njaa.

Sheikh akaishusha mikono yake. "Basi tutasubiri."

Mkandarasi akatoa simu, akanilipa hela zangu zote mbele yao.

Sasa baadhi ya jamaa wanasema nimeharibu shughuli. Wewe ungenyamaza, ukaitikia amina?