Mlango Mdogo wa Stumai

Stumai alizaliwa Itigi, binti wa mrina asali. Ukubwani akawa mchora ramani za majengo mjini Singida, akakabidhiwa kuchora chumba cha kushushia kazi za sanaa katika jumba jipya la makumbusho. Alikihangaikia kama mtoto mgonjwa. Jukwaa lilitoshana kimo na sakafu ya lori, ili kinyago kisukumwe taratibu, kisinyanyuliwe. Milango ya umeme ilikuwa miwili, wa nje na wa ndani, na haikufunguka pamoja, maana upepo wa Singida hauji bila vumbi. Pembeni alichora mlango mdogo wa watu, wa kusukuma kwa mkono.

"Huo ni wa wezi," alisema Clement, mkuu wa makumbusho, akaufuta. "Hapa panalala sanaa, siyo watu."

Mzigo wa kwanza ulikuwa picha chache na mzinga wa nyuki wa kale, wa gogo, umechongwa watu wanaocheza ngoma. Lori lilikuwa limeharibika njiani, likalala kwenye vichaka vya Itigi wakati vimechanua. Lilipoingia lote, Stumai na Clement wakiwa ndani kulipokea, mlango wa nje ukashuka nyuma yake. Kabla wa ndani haujapanda, umeme ukakatika.

Deo, dereva, akawasha tochi ya simu. Stumai alikuwa ameweka sikio kwenye gogo.

"Dada Stumai, mtoto anacheza tumboni?"

"Kule Itigi uliufunika mzinga?"

"Gogo tupu nalifunikia nini? Nilifunika picha."

"Si tupu tena. Nyuki wamehamia. Zima hiyo taa, watafuata mwanga."

Deo akazima, wala hakutania tena. Stumai akavua mtandio, akauziba mdomo wa mzinga, akaushikilia kwa kiganja.

Mlinzi akaita kutoka nje: jenereta haina dizeli, ameshatuma mtu.

"Mwambie akimbie," alisema Clement kwa sauti ya chini.

Bati la juu lilianza kulia ta, ta kwa jua. Joto lilipanda, na gogo likavuma kwa ile sauti ambayo baba yake Stumai akiisikia aliwarudisha watoto nyumbani haraka.

"Ule mlango mdogo," Clement alinong'ona, "ungekuwa wapi?"

"Hapo ulipoegemea, bosi."

Clement akageuka, akaupapasa ukuta kwa mikono miwili. Kwenye upindo wa mtandio nyuki mmoja alikuwa amepenya, akatembea polepole juu ya kidole cha Stumai. Kiganja hakikuondoka.