Saini Yangu Kwenye Wimbo wa Mama

Miaka kumi na moja nimekuwa nikimwambia mama yangu anyamaze. Si kwa ubaya. Studio yangu ni chumba cha mwisho cha uani, hapa Temeke, kwenye nyumba aliyotuachia baba, na ukuta mmoja tu unaitenganisha na pale mama anapopetea mchele na kubishana na muuza samaki. Ukutani nimebandika trei za mayai na godoro kuukuu, lakini trei za mayai hazijawahi kumshinda mama yangu. Msanii anaingia, anavaa hedfoni, anafumba macho apate hisia, na katikati ya mstari unasikia ungo, cha, cha, cha, na mama anavumisha wimbo puani. Natoa kichwa dirishani. "Mama, tunarekodi." Anajibu, "Haya baba, rekodini." Ananyamaza dakika mbili, anasahau, anaanza tena.

Mie hasira zangu ziko karibu, sifichi. Na hii kazi ya kutunga na kutengeneza nyimbo za watu imezileta karibu zaidi. Unampa mtu maneno, unampa sauti, unamwonyesha hata pa kupumua, wimbo ukitoka anakwenda redioni kusema ulimjia akiwa bafuni. Sijui hawa watu huwa wanaoga mara ngapi kwa siku.

Kilichokuwa kikiniuma zaidi ni saini. Kila prodyuza ana saini yake, kisauti cha sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo, ili watu wajue umepikwa jiko gani. Yangu ni sauti yangu mwenyewe nikisema, "Kutoka uani." Basi wasanii walikuwa wananikatia. Wakishapata wimbo wanaupeleka kwa fundi mwingine huko mjini auongezee ubora, wanasema, na ukirudi umeongezewa ubora kweli, ila saini haipo. Nimegombana na watu kwa ajili ya zile sekunde mbili. Kuna mmoja nilimfuata mpaka kwenye harusi ya dada yake, nikamsema mbele ya wakwe. Sijivunii, lakini nilimsema.

Halafu akaja kijana mmoja wa Tandale. Alikuwa mbeba mizigo pale sokoni, ana sauti ya kukwaruza kidogo, ukiisikia unajua hii haijafundishwa na mtu. Mie huwa natanguliza sauti, maneno nayashona baadaye. Navumisha, nalalama bila maneno mpaka sauti ikae, ndipo natafuta maneno yanayoitosha. Kwa yule kijana beti zilikaa siku moja, kiitikio kikakataa. Siku tatu tunahangaika. Tulikuwa tumezima feni kwa sababu inapiga kelele kuliko mama, na dirisha tuliliacha wazi tusije tukafa kwa joto.

Siku ya tatu alipotoka kwenda kula, nikabaki nasikiliza vipande vilivyoharibika nivifute. Kwenye kimoja kijana alikuwa amenyamaza anatafuta pa kuingilia, maiki imeachwa wazi, na nyuma kabisa, kwa mbali, mama anapeta mchele na anavumisha. Ule wimbo nimeusikia tangu sijaota meno. Unapanda kidogo, unasita, halafu unashuka kama mtu mzima anayekaa kitako taratibu. Nikarudia mara nne. Nikajisemea, mtume, miaka yote hii dhahabu iko uani kwetu na mie ndiye ninayeitolea kichwa dirishani kuinyamazisha.

Sikumuuliza. Nani kwetu huomba ruhusa kula ugali wa mama yake? Na hakuwepo wa kumuuliza: wiki hiyohiyo alipata msiba kusini, akasafiri, akakaa kule mpaka arobaini. Nikauchukua wimbo ule, nikaushonea maneno ya msichana aliyeondoka bila kuaga, nikampa kijana. Tulirekodi kiitikio asubuhi moja, na safari hiyo hakukuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote anyamaze.

Wimbo ukatoka, ukaenda. Nyie mnaojua mambo haya mnajua wimbo unavyokwenda: mara uko kwenye bajaji, mara saluni, mara kwenye kila shughuli, wapishi wanaimba na miiko mkononi. Na yule kijana, Mungu ampe, saini yangu hakuikata. Alisema, "Braza, hii ina baraka, naiacha." Nilikuwa natembea mtaani bila safari, nasimama karibu na duka lolote lenye spika ili nijisikie nikisema "Kutoka uani." Mtu mzima na ndevu zangu. Nilifurahi kijinga, na sijawahi kufurahi vile tena.

Mama alirudi mchana wa siku ya Jumatano. Alhamisi aliingia studio bila kubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakaa kwenye kiti cha wasanii.

"Ule wimbo wa kijana wako, umeupata wapi?"

"Kwako, mama." Nilisema huku natabasamu. Nilidhani atachekelea.

"Kwangu wapi?"

Nikafungua kompyuta, nikamchezea kile kipande cha mwanzo. Ungo, cha, cha, cha, na sauti yake. Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Zima," akasema. Nikazima. "Zima, baba." Nilikuwa nimeshazima.

Hapo inabidi nieleze. Mama yangu ni kungwi. Sie watu wa kusini, hata tukihamia Dar, binti akikua anawekwa ndani, anafundwa na wanawake wakubwa, na mama amewafunda mabinti wa Temeke mpaka wengine sasa ni bibi za watu. Unyago una ngoma zake na nyimbo zake, na mwanamume hapaswi kuzijua, awe mume, awe mtoto wa kuzaa. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ule wimbo wa kupetea mchele haukuwa wa mchele. Ulikuwa wa ndani. Miaka yote hiyo ulikuwa unamtoka puani bila mwenyewe kujua, mikono ikiwa kazini na akili ikiwa mbali.

"Mama, mie nimeweka maneno yangu. Ya mapenzi tu. Pale hakuna siri ya mtu."

"Anayeujua akiisikia ile sauti, anasikia na maneno."

"Yanasemaje hayo maneno?"

"Siwezi kukwambia."

"Sasa nitajuaje nimekosea nini?"

Alisema jambo jingine, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililonikata maini. Desemba ya mwaka huo binti mkubwa wa dada yangu, akishamaliza kidato cha nne, alikuwa achezwe unyago. Mjukuu wake wa kwanza wa kike. Tangu mtoto amezaliwa mama amemtunzia doti ya kanga sandukuni, haijafunguliwa, ya siku atakayomwingiza ndani kwa mkono wake. Na sasa wanawake wenzake walikuwa wamekwishausikia wimbo wao kwenye bajaji, na kabla ya wimbo wamesikia mtu akisema "Kutoka uani." Temeke nzima inajua ni ua gani huo. Wangekaa kikao waamue kama bado anafaa kushika binti.

Zile sekunde mbili nilizozipigania miaka kumi na moja. Siku zote zinakatwa. Zikabakizwa mara moja tu, ndiyo zikaenda kumshitaki mama yangu.

Nikapanda bodaboda mpaka kwa yule kijana. Alikuwa amekwishahama Tandale, anakaa kwenye nyumba yenye geti, na mlinzi akaniuliza nina miadi. Mie, miadi. Nilipoingia nikamwambia akate saini, abadilishe kiitikio, autoe wimbo upya.

"Braza, wewe si ndiye uliyekuwa ukinililia nisiikate? Leo nikate?"

"Leo kata."

"Na kiitikio watu washakikariri, mpaka watoto wa chekechea. Nikikigusa nimeua wimbo." Akafikiri kidogo, akaona amepata dawa. "Kwani bi mkubwa anataka nini? Tumuweke kwenye video?"

Nilitamani kumzaba kibao. Kisha nikakumbuka kwamba yeye ameimba alichopewa, na aliyempa ni mie. Nikatoka bila kuaga kama yule msichana wa kwenye wimbo wangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtu mwenye haraka. Bila kumwambia mama, nikaenda Gongo la Mboto kwa kungwi mkubwa wao, bibi anayesikilizwa na wote, yule aliyemfundisha mama ukungwi. Nilichukua jogoo na doti ya kanga kama anavyofanya mtu aliyekwenda kuomba radhi. Nilimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilijua utakuja. Kaa."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia nimekosa, naomba anihesabie kosa langu nilibebe mwenyewe, mama asiguswe. Alinisikiliza vizuri, wala hakunikemea. Alimpokea jogoo, akamlaza pembeni yake.

"Mama yako tumemuuliza, kanyamaza," akasema. "Sie tunasema watoto wa kiume wana utundu. Ulijibanza mahali siku ya ngoma ukasikiliza?"

Hapo, ndugu zangu, ilitakiwa niseme ndiyo. Neno moja tu, na mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, alikuwa ameufungua yeye mwenyewe. Lakini mie nilijiona ninatukanwa. Mie nikajibanze kuchungulia unyago wa watu? Nikaona pia kwamba nikisema ukweli ndiyo namsafisha mama, nitaonyesha kwamba hakunifundisha wala hakuniuzia, imetokea tu.

"Hapana bibi, haki ya Mungu. Mama alikuwa anapeta mchele uani, anavumisha bila kujua. Anavumishaga kila siku, tangu mie mdogo. Maiki ndiyo ilimnasa."

Bibi akaacha mchicha. "Kila siku," akasema. "Uani."

"Ndiyo, lakini bila kujua."

Akakung'uta majani mapajani. Kisha akamshika yule jogoo, akanisogezea. "Kwa mtoto aliyejibanza, jogoo anatosha. Rudi naye, mjukuu wangu." Kanga nazo akaziweka juu yake, zimekunjwa vilevile.

Nilirudi Temeke na jogoo mapajani. Mama alikuwa mlangoni. Aliponiona naye, na kanga hazijafunguliwa, alielewa yote, sikuhitaji kufungua mdomo. Nikasema hata hivyo, kwa sababu sijui kunyamaza. "Nilikwenda kukutetea."

"Nimeona."

"Nilisema ukweli, mama."

"Mfungue huyo jogoo," akasema, "kamba imemkaza miguu."

Waswahili wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mie nilichuma, na sahani kubwa akapewa mama. Tangu siku hiyo anapeta mchele kimya. Narekodi dirisha likiwa wazi, saa yoyote, hakuna kinachoingia isipokuwa ungo. Kuna siku nilitoa kichwa dirishani kwa mazoea, sijui nilitaka kumwambia nini. Akaniangalia akidhani amepiga kelele. "Nimekusumbua?" akauliza. Nikamwambia hapana, nikarudisha kichwa ndani, na siku hiyo sikufanya kazi tena.

Desemba ikafika. Shughuli ilikuwa nyumbani kwa dada, Mbagala, mchana kweupe, turubai limefungwa, wali unachemka. Wanawake walikuwa wamezungushia kanga na maturubai upande wa nyuma na ngoma ikaanza. Hakuna aliyemfukuza mama. Alikwenda na doti yake ya sandukuni mpaka kwenye kizuizi, akapokelewa doti kwa mikono miwili, akaambiwa ndani wamejaa, apumzike. Akarudi akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mie, kule tulikokaa wanaume.

Ngoma ilikuwa inasikika, maneno hayasikiki. Vidole vyake vilikuwa vinapiga polepole juu ya goti, vinaifuata. Anaijua yote kwa mpangilio wake, nini kinatangulia nini. Ilikwenda hivyo, labda nusu saa, kisha ngoma ikakata, ikaanza nyingine. Vidole vya mama vikabaki juu, havikushuka.

"Wameuruka," akasema.

"Wameruka nini?"

"Walitakiwa wauimbe hapo. Wameuruka." Alikuwa anaangalia kule kwenye kanga. "Ndiyo. Utamwimbiaje mtoto ndani kitu ambacho bodaboda wanakiimba nje?"

Nikataka kusema samahani, nikakuta nimeshaisema mara nyingi mno haina uzito tena. Nilikuwa na hasira na yule kijana, na bibi, na trei za mayai, na hizi mila za kumhukumu mtu kwa kosa asiloruhusiwa kulijua. Na mie mwenyewe nilikuwemo kwenye hiyo orodha, tena juu.

"Wimbo ule ulikuwa na neno la kumwambia mtoto," mama akasema. "Mama yangu aliniambia mie. Mie nikamwambia dada yako. Sasa huyu anatoka bila kuambiwa."

"Neno gani, mama?"

Akanigeukia, akaniangalia muda mrefu. Midomo yake ilifunguka kidogo, nikaamini kabisa kwamba ataniambia, kwamba sasa limekuwa halina mwenyewe, basi angalau mtu mmoja abaki nalo.

"Wewe mwanamume," akasema. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kusaidia kuosha sahani.