Kabari za Shingoni

Shemeji yangu alitumia miaka thelathini na mmoja kuunga mifupa katika jumba la makumbusho. Kazi yake kubwa ilikuwa yule dinosaria wa ukumbi wa kati, mla majani mwenye shingo ndefu kuliko basi, kichwa kimegusa dari kama anayechuma majani ya kileleni. Enzi hizo mtu aliujua mfupa kwa vidole. Siku hizi wanabonyeza vitufe.

Mwaka wake wa mwisho kazini akaja mkuu mpya, binti ambaye kwa umri angeweza kumzaa, na kompyuta yake. Akasema huenda mnyama yule hakuinua shingo kiasi hicho. Huenda alisimama pale pale, akaipeleka shingo kushoto na kulia, akila majani ya kangaga ya chini bila kuichosha miguu. Basi shingo iteremshwe, na kampuni imeshapewa kazi.

"Mzee, wewe pumzika," alimwambia. "Magoti yako yanalia ukipanda ngazi."

"Yalie tu. Shingo ile naishusha mimi."

"Kwani ni yako, baba?"

Akarudi nyumbani, chai ikapoa mbele yake.

"Yaani unamnunia mkeo kwa ajili ya mnyama aliyekufa?" dada yangu akamchokoza. Hakucheka.

Asubuhi alimfuata binti ofisini.

"Hao mafundi wako wakilegeza nati tu, pingili za shingo zitapasuka. Nimetia kabari za plasta katikati yake, kumi na moja, nikazipaka rangi ya mfupa. Mkubwa wa wakati ule alitaka kichwa kifike darini, wageni washangae. Mifupa ikakataa. Nikailazimisha."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Pingili zikiachwa zikae zenyewe, shingo inalala."

"Na mimi nimeharibu macho miezi miwili kwenye kompyuta!"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Siku nne alikuwa juu ya jukwaa, mafundi wa kampuni wakimpa spana na kumwita Babu Kabari. Alizing'oa zote, hakuna pingili iliyopata ufa. Ya mwisho ilipotoka, mifupa ikaumana vizuri, shingo ikanyooka sawa na mgongo. Ukumbi ulionekana mtupu kule juu.

Alishuka akishikilia ngazi kwa mikono miwili. Binti akamletea kiti, akamuuliza kama ameridhika.

"Nimechoka," alisema. "Niandikie barua ya kustaafu. Mwezi huu huu."