Bunduki ya Nasor na Jiwe la Babu

Nasor bin Khalfan alijulikana Kariakoo nzima kwa vitu viwili: gobore la marehemu baba yake, na mdomo wake mwenyewe. Gobore lilikuwa halijalia kwa miaka kumi na mmoja. Mdomo haukuwahi kupumzika, na yeye alikuwa wa kwanza kukiri hivyo, ilimradi umwache kwanza amalize hadithi aliyoianza.

Aliuza halua Mtaa wa Sikukuu. Kila Ijumaa akitoka msikitini alilishusha gobore ukutani, akalipaka mafuta ya nazi, akalifuta mpaka pete zake za fedha zikang'aa, huku akiwaeleza wateja jinsi alivyokuwa hodari wa shabaha. Kweli yenyewe ni kwamba aliwahi kulipiga mara moja tu, kwenye harusi ya binamu yake, nalo likamtupa kwa makalio katikati ya sinia la pilau. Binti yake Fakhriya aliijua hadithi hiyo, na kila Ijumaa kicheko chake kilisikika kutoka nyuma ya pazia.

Mlangoni pa duka palikuwa na jiwe jeupe la mraba, lenye alama mbili zilizochongwa juu, ambalo kila mteja alilikanyaga akiingia. Nasor alisema limetoka kwenye ngome ya babu yake, Arabuni, na kwamba zile ni alama za ukoo. Alikuwa amelikuta limelala majanini kando ya njia ya Pugu, akadhani ni mabaki ya nyumba ya Mjerumani, akalileta kwa mkokoteni. Alisoma vizuri herufi za Kiarabu. Za kizungu kwake zilikuwa michoro tu. Ngome ya babu aliiongeza baadaye, mteja mmoja alipouliza, kisha akaizoea mpaka karibu aiamini.

Ndipo Fakhriya akaposwa na mtoto wa Abdulla, mwenye shamba la minazi nje ya mji. Tangu binti huyo akiwa mdogo wa kubebwa, Nasor alikuwa amemwahidi kuwa siku atakapoolewa bunduki italia mara tatu. Katika ukoo wao ilikuwa hivyo: bunduki ya baba hulia binti anapotoka mikononi mwake. Akishaingia kwa wakwe, zamu ni ya bunduki yao.

Mauza, mkewe, hakuwa na shaka na mila. Alikuwa na shaka na sheria. "Baba Fakhriya, ukilipiga hapa mtaani askari watalichukua," alisema. "Utabaki unaupaka mafuta msumari wake ukutani."

Nasor akaenda kituo cha polisi kuomba ruhusa, kifua mbele, leseni yake mkononi. Sajini Hamis, ambaye kila alasiri hununua halua kwake, alimwamkia kwa adabu kisha akamkatalia kwa adabu ile ile.

"Mzee Nasor, ndani ya mji bunduki hailii. Ikilia, naichukua, hata ningekuwa nakula halua yako. Lakini njia ya Pugu kuna jiwe la mpaka. Ukilivuka tu, piga. Nitakuja mwenyewe nishuhudie."

Nasor alirudi nyumbani akiwa amefurahi kupita kiasi. Kati ya jiwe hilo na shamba la Abdulla palikuwa na kipande kifupi tu cha njia, si mji wala si kwa wakwe, kana kwamba kimetengwa kwa ajili yake. Mtaa mzima ukaambiwa.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, wakatoka. Mbele lori la wanaume na matarumbeta, nyuma motokaa ya kukodi yenye mapazia, ndani Fakhriya na mama yake. Abdulla, mtu wa maneno machache, alikuwa amekuja na jamaa zake kumpokea mkwe njiani. Hamis akashuka kwenye baiskeli, akaanza kupekua majani. Akapekua upande wa kulia, akapekua upande wa kushoto. Akaona shimo, jiwe hakuliona.

"Bila jiwe siwezi kuapa kwamba uko nje," alisema. "Bwana mkubwa akiniuliza, nitamwonyesha shimo?"

"Jiwe lenyewe likoje?" akauliza Abdulla.

"Jeupe. La mraba. Juu limechongwa herufi mbili."

Nasor akalishusha gobore begani. Akamtazama jirani yake Wilbert, Mchaga muuza vitunguu, msomi wa misheni. Wilbert alikuwa akitazama minazi kwa bidii sana. Kumbe siku zote alikuwa akizisoma zile alama za ukoo, na heshima tu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Angeweza kunyamaza. Babu angebaki na ngome yake, na wakwe wasingejua kitu. Lakini pazia la motokaa lilikuwa limefunuliwa kidogo, na Nasor alijua anayengoja nyuma yake ni nani, na tangu lini.

"Jiwe liko kwangu," alisema. "Mlangoni."

"La babu?" akauliza Abdulla.

"Babu hakuwa na ngome. Alikuwa na mbuzi."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Lori likarudi Kariakoo. Watu wanne wakaling'oa jiwe mbele ya wateja, na Nasor akalisindikiza kwa miguu mpaka kona ya Msimbazi, akijibu maswali, hapo ndipo akaona aibu imemtosha, akapanda lori. Jiwe likatumbukizwa shimoni, likakaa sawasawa, kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Hamis akampanga: hatua moja nje ya jiwe, mgongo kwenye mji. Nasor akashindilia baruti, akafumba macho yote mawili, yeye hodari wa shabaha, akafyatua. Bunduki ikalia. Nasor akaruka kinyumenyume juu ya jiwe, akaanguka chali, miguu nje, kichwa mjini.

Hamis akaitazama miguu, kisha kichwa. "Bunduki imelia nje," akasema. "Aliyerudi mjini ni mwenyewe, na kuanguka mjini si kosa."

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, kile kile cha kila Ijumaa. "Baba, bado mbili," Fakhriya akaita.

Abdulla akamwinua, akasimama nyuma yake, akamwekea viganja viwili mgongoni. "Piga, Bwana Nasor. Nimekushika."

Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, wala hakuanguka. Kisha motokaa ikawashwa, ikapita kando ya jiwe, ikaingia minazini.

Kesho yake asubuhi Nasor alitoka dukani kwa mazoea. Mguu ukatafuta jiwe usilipate, akapepesuka mbele ya wateja, kofia ikamwanguka. Akabaki ameinama, akingoja kicheko kutoka nyuma ya pazia. Kisha akakumbuka. Akaokota kofia, akaingia ndani kukata halua.