Kivumbasi cha Mama Mkwe

Kiwanda kilipotupunguza, wenzangu walirudi nyumbani wakawaambia wake zao. Mimi nikajifanya mjanja. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikatoka nyumbani kwetu, mtaa wa Kirumba, na kurudi jioni nimechoka kwelikweli, maana hakuna kazi inayochosha kama kuzurura. Kiinua mgongo nilikuwa najilipa mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na sikuwahi kuchelewesha mshahara, jambo lililokishinda kiwanda kizima.

Nilichoogopa ni habari kufika ukweni. Wakati wa uchumba niliwatambia wajomba kwamba binti yao atakunywa chai ya dukani mpaka azeeke, ile mpya ya vifuko vyenye uzi iliyoingia na soko huria. Wakijua sina kazi, watamwita akapumzike nyumbani kidogo, na hicho kidogo nilijua kingekuwa moja kwa moja. Nami nilimpenda mke wangu, hilo sikuwahi kulifanyia mzaha.

Chai ya dukani ilipotushinda, nikageukia kivumbasi. Kinajiotea katikati ya mawe, kinanukia, wala hakimuulizi mtu anafanya kazi wapi. Nilikifunga kwenye gazeti, nikamwambia mke wangu kwamba siku hizi wakubwa kazini wameacha majani ya chai, wanakunywa haya kwa ajili ya afya. Akachemsha, akaonja.

"Loo! Kumbe wakubwa nao wanakunywa ya bibi yangu," akasema.

Kila Jumatano nilikuwa nachumia kwenye kilima cha Buzuruga, mbali na macho ya Kirumba. Mama mkwe alikuwa akiishi hukohuko kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, lakini nani angefikiria mama mtu mzima anapanda mawe? Jumatano moja, saa nne asubuhi, nikazunguka jiwe na kifurushi changu. Mama mkwe huyo hapo, kisu mkononi, kikapu kimejaa kivumbasi.

Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Haya, juu ya mawe njia iko wapi? Yeye akajifunika kanga kichwa kizima, akachuchumaa akilitazama ziwa kule chini. Mimi nikageukia jiwe, pua karibu iguse. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, jua linatuchoma.

"Shikamoo mama," nikaliambia jiwe.

"Marahaba," ikajibu kanga.

Nikashuka kinyumenyume, nusura nivunjike mguu. Wiki ile nzima nilisubiri wajomba. Mlango ukigongwa, nachungulia dirishani kwanza. Hawakuja. Nilipopanda tena nilikuta kivumbasi kimekatwa upande mmoja wa jiwe tu, wa pili haujaguswa hata jani. Nikaelewa. Tukagawana kile kilima miezi kadhaa bila kuonana, na sijapata jirani mstaarabu kama yule.

Halafu ikapita wiki, ikapita ya pili, upande wake haukukatwa. Majani yalirefuka yakatoa maua. Nilisimama pale, nikajua mama si mzima. Jioni nikamwambia mke wangu aende akamwone mama yake.

"Kwani nani kakwambia anaumwa?"

Ningesema nimeota ndoto, angengoja Jumapili. Nikamweleza yote: kazi, kilima, na wale wakubwa wenye afya. Alinitazama mpaka nikatamani anitukane yaishe.

"Ya kazi tutaongea nikirudi," akasema. Akajitanda kanga, akachukua majani yangu yote yaliyokuwa jikoni, akaondoka.

Mimi nilibaki, maana mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe hata akiwa mgonjwa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza mama wa watu yuko hoi, na mimi hata pole siwezi kumpa kwa mdomo wangu.

Mke wangu alirudi kesho yake mchana, macho mekundu, lakini anacheka. Homa ilikuwa imemwangusha mama vibaya, akamkataza shemeji asitusumbue. Sasa anakunywa uji, na chai yangu kaimaliza.

"Ana ujumbe wako," akasema. "Anasema uwe unachuma Jumapili. Jumatano kaka huwa anapita pale chini, na mama amechoka kumbishia kwamba yule mtu anayeinama kule juu si shemeji yake."