Choo cha paka kilichogoma

Leo nimeita fundi aje kutengeneza mashine, nikaishia kuujua moyo wa mtu.

Kile choo cha paka wangu, kinachojisafisha chenyewe, kimegoma tangu juzi niliporudi kutoka Pemba nilikokwenda kumuuguza mama. Paka akitoka, mchanga haugeuki. Nimekifuta, nimekichomoa umeme na kukichomeka tena, wapi.

Fundi kaja kutoka Darajani. Akaweka ndani mfuko wa mchele, akautoa. Kikazunguka vizuri tu.

Akamweka paka, akamtoa. Kimya.

"Choo kizima, Bi Salma," akasema. "Kinageuza mchanga kikihisi uzito tu. Paka ndiye hana uzito."

Nikapitisha mkono chini ya yale manyoya yake yote. Mbavu tupu.

Wifi yangu Zuhura, niliyemwachia nyumba, alikuwa pale pale anachambua mchicha.

"Zuhura, ulikuwa ukimpa chakula?"

"Sikumpa." Hata uso hakuinua. "Nlitaka ahame mwenyewe."

Fundi akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nikampigia mume wangu. Ananambia, "Salma, huyo paka tu. Zuhura ni dadangu."

Sasa hivi nnaye paka mapajani, analamba supu ya samaki kidoleni mwangu. Wifi nshamwambia afunge mizigo. Kakake akitaka, amfuate.

Haya, nambieni nimekosea wapi.