Siku Mama Mkwe Alipodai Kitabu Chake cha Katuni

Mama mkwe wangu alikaa miezi saba bila kutamka neno. Siku alipofungua mdomo, mtu mmoja alihama nyumba kabla chai haijapoa.

Kaeni vizuri niwape mkasa wote.

Mama alipatwa na kiharusi asubuhi moja akifagia uani. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukafungwa. Nyumba ni yake, mimi na mume wangu tunaishi naye, kwa hiyo uuguzi ukaniangukia mimi. Namwogesha, namlisha, halafu nakimbilia kazini kwenye duka la kufulia nguo, napiga pasi mashati ya watu mpaka mgongo unalia. Mume wangu ni dereva wa lori. Leo yupo, kesho yuko safari.

Ndipo akahamia kaka yake mkubwa. Mtaani wanamwita Profesa.

Chuo alisoma mwaka mmoja, akarudi na tai. Watu wakampa jina hilo kwa kejeli, yeye akalipokea kama zawadi. Alisema amekuja "kumwangalia mama."

Na kweli alimwangalia. Kutoka kwenye kochi.

Kikombe cha maji hakuwahi kumpa. Lakini ushauri? Utadhani bomba limepasuka.

Sasa, jirani na duka letu kuna maktaba. Mwezi ule wakatundika bango: MWEZI WA HADITHI. Njozi, katuni, riwaya za watu wa kila aina. Nikaingia, maana nesi wa mazoezi alishanisisitizia: "Msomeeni mama. Msimwache kwenye ukimya."

Nikatoka na mkoba umetuna.

Profesa alipoviona vile vitabu akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Shemeji, nini hivi? Majoka? Vikatuni? Mtu mzima na akili zako?"

"Namsomea mama."

"Mama ameshakwisha, shemeji. Umsomee yeye, ulisomee kabati, ni yale yale."

Anasema hivyo mama yuko pale pale, macho wazi!

Niliuma meno, nikavuta kiti.

Kila jioni tukawa tunasoma. Tulianza na mwanamke mwenye mabawa aliyeifungia tufani ndani ya chungu. Tukaja kwenye riwaya ya fundi cherehani kiziwi aliyenyang'anywa duka na ndugu zake kwa sababu eti hawezi kujitetea. Hapo mama alinibana mkono kwa ule mzima, akaubana kweli kweli.

Lakini aliyemteka hasa ni mbuzi.

Ilikuwa katuni ya mbuzi mpelelezi. Kavaa koti refu, anawafukuza wezi, tatizo lake moja tu: anakula ushahidi. Ukurasa mmoja kamkamata jambazi, kamfunga kamba, halafu njaa ikamshika akaitafuna kamba.

Mama akakoroma. Nikarusha kitabu, nikijua amepaliwa.

Kumbe anacheka!

Kuanzia hapo nikabadilisha mbinu. Nasoma, nikifika kwenye maneno ya mbuzi nanyamaza, kidole juu ya neno, namsubiri. Midomo inahangaika, jasho linamtoka.

"Mm... mbu..."

"Safi kabisa shemeji," Profesa akasema kutoka mlangoni. "Mama yetu sasa anafundishwa kulia kama mbuzi."

Zaidi ya hapo mama hakufika, nami sikumlazimisha. Asubuhi nikienda kazini namwachia vitabu mapajani. Profesa anabaki naye kutwa, kochi linatazamana na kitanda cha mama pale sebuleni, simu sikioni. Kwake mama alikuwa fanicha.

Mwisho wa mwezi akaitisha kikao cha ukoo. Mume wangu alikuwa amerudi. Akaja shangazi yao, mwanamke asiyependa kona kona. Profesa akaingia na mgeni mwenye viatu vya kung'aa, akamtambulisha kuwa "rafiki wa familia." Nikawamiminia chai.

Profesa akasimama, akanyoosha tai.

"Ndugu zangu, ukweli unauma. Mama hana akili tena. Mimi kama mkubwa, nimeona nyumba iuzwe, na mnunuzi nimeshampata. Mama tutamtafutia pahali pa kupumzika."

"Pahali gani?" mume wangu akauliza.

"Hayo madogo. Nyie tazameni!" Akakipokonya kile kitabu mapajani mwa mama, akakiinua juu. "Kutwa anatazama mbuzi! Hapo kuna akili gani?"

Nikainuka nikichukue.

"Rudisha... kitabu changu."

Sauti ilikwaruza, ikatoka kidogo kidogo.

"Mama!" Mume wangu akapiga magoti.

Mama hakumtazama. Macho yote kwa mwanawe mkubwa.

"Chumba cha stoo... kwa binamu yako. Ndiko... ungenitupa. Ulimwambia huyu." Kidole kikamwelekea mwenye viatu. "Kwenye simu. 'Bibi hamalizi mwaka.' Ukacheka."

Profesa akakirudisha kile kitabu mapajani mwa mama.

Rafiki wa familia alishafika mlangoni, chai hajaigusa.

"Haya, begi lako unalifunga mwenyewe," shangazi akamwambia Profesa, "au nikufungie mimi?"

Alilifunga mwenyewe. Tai ikasahaulika kwenye kochi, nami nikaitupa jalalani bila kuipiga pasi.

Wengine walipotoka nikamkumbatia mama, machozi yananitiririka.

"Mama, umeanza kusema lini?"

"Kitambo. Mchana... nasoma kwa kunong'ona. Yeye anapiga simu."

"Na mimi hukuniambia?"

"Wewe? Ungepiga vigelegele... mtaa mzima. Naye angenyamaza." Akavuta pumzi, akanikazia jicho. "Halafu wewe... siku ile ukinigeuza kitandani. Ulisema nani... gunia la saruji?"

Nyie, nilitamani sakafu inimeze. Yeye akacheka mpaka akakohoa.

Basi ndugu zangu, mnaobeza wanachosoma wenzenu, endeleeni, midomo ni yenu. Ila ukiwa mbele ya mgonjwa, chunga ulimi. Asiyesema si kwamba hana la kusema. Mwingine anakuacha tu umalize ya kwako.